Albamu ya Miguu

Katika albamu ya kilabu chao hakuna uso hata mmoja. Nimeipitia ukurasa kwa ukurasa zaidi ya mara moja, kwa hiyo nasema kwa uhakika. Kuna viatu vyeusi vya ngozi vinavyopanda hadi karibu na goti, soksi nyekundu, mapindo ya sketi zenye marinda, miguu ya wanaume ikiwa hewani katikati ya mruko, na chini yake sakafu ya mbao ya ukumbi wa Kensington. Kila picha imeishia kiunoni. Aliyeamuru zipigwe hivyo alikuwa Katibu, na katika miaka kumi na miwili niliyofanya naye kazi sikumwona akimruhusu mtu yeyote kuinua kamera juu zaidi.

"Mwenye kutaka kukumbuka atakumbuka kwa viatu," alikuwa akisema. "Mwenye kutafuta watu asipate kitu."

Mimi nilikuwa napata. Nusu ya nguo zile zilikuwa zimepita mikononi mwangu, na nilimjua kila mchezaji kwa pindo lake. Siku moja nikamwambia hivyo kwa utani: huyu ni yule daktari wa meno, huyu ni mkewe, huyu ni yule mama anayeimba sauti ya chini. Hakucheka. Aliifunga albamu taratibu, akaniuliza ni nani mwingine anayeweza kuwatambua namna hiyo. Nikamjibu kwamba hakuna. Wiki iliyofuata albamu ilikuwa imeondoka ukumbini, na miezi mingi ikapita kabla sijaiona tena.

Namwita Katibu kwa sababu ndicho cheo alichokuwa nacho katika kilabu kidogo cha Wacheki na Waslovakia waliohamia jiji hili la kusini mwa Afrika. Mbele yake nilimwita Mama Katibu, naye aliniita Bwana Fundi, maneno ya Kiswahili aliyoniomba nimfundishe na aliyoyatamka kwa uangalifu, kila silabi mahali pake. Mengine yote tuliongea kwa Kiingereza, ambacho si cha kwake wala si changu. Jina lake nalijua. Mwisho wa maelezo haya itaeleweka kwa nini siliandiki.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Kalemie. Wakati huo duka langu lilikuwa Malvern, Jules Street, kati ya kinyozi na spaza, kiduka cha vyakula. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kufumua nguo za watu na kuzishona upya, na mengine nimeyasoma katika vitabu vya mitumba. Katibu aliingia dukani mara ya kwanza akiwa na mfuko wa plastiki, na kabla hajautoa mzigo aliuliza swali ambalo mteja mwingine hajawahi kuniuliza.

"Unaandika risiti?"

Nikamwambia siandiki. Nachana kipande cha kitambaa mara mbili, nusu nampa mteja, nusu nabandika kwenye nguo kwa pini. Akija tunaoanisha. Hakuna jina, hakuna namba.

Alikichukua kipande chake, akakitazama pande zote mbili, akakitia ndani ya soksi. "Vizuri sana," alisema. Nadhani urafiki wetu ulianzia hapo, kwa sababu alikuwa mtu anayeogopa karatasi na amempata mtu asiyekuwa nazo.

Ndani ya mfuko mlikuwa na sketi ya kijijini kwao, ya kitambaa cheusi kinachong'aa, yenye marinda mengi kuliko nilivyowahi kuyaona kwenye nguo moja. Yalikuwa yamelala, na mafundi wawili walikuwa wamekwisha kuyaharibu kwa pasi. Marinda yale hayapigwi pasi. Sketi huloweshwa kwa wanga wa nguo, kisha kila rinda hukunjwa kwa vidole likiwa bado bichi, moja juu ya jingine, na sketi nzima huzungushiwa uzi kama mganda wa majani na kuachwa ikauke yenyewe. Yeye mwenyewe hakuweza hata kushikiza kifungo, jambo alilolisema bila aibu, lakini alikumbuka jinsi mama yake alivyofanya. Akawa anaeleza, mimi nikawa nakunja. Nilirudia mara nne. Mara ya nne tulipofungua uzi, sketi ikafunguka na kusimama, na yeye akageukia ukutani kwa muda.

Tangu hapo nguo zote za kilabu zikawa kazi yangu, na kila kabla ya sherehe nilikwenda ukumbini kuwapima watu na kurekebisha.

Sherehe zao nilizijua kwa misimu. Wakati wa Pasaka walipamba mayai kwa nta na rangi, na wanaume waliwachapa wanawake kidogo miguuni kwa fito zilizosukwa, jambo linalotakiwa kufanyika majani yanapochipua. Hapa Pasaka huja majani yakianguka, nao walichapana vivyo hivyo, wamevaa sweta. Kulikuwa na chakula cha Jumapili, filamu kwenye shuka jeupe, na kwaya ya watu wanane ambao wawili kati yao walikuwa hawasikii vizuri. Nchi yao iligawanyika kuwa mbili, lakini kilabu kilikataa kugawanyika. Waliimba nyimbo mbili za taifa, moja ikiingia katika nyingine bila kupumua, kama zilivyoimbwa zamani. Katibu alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na midomo yake ilisogea bila sauti.

Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Hakukuwa na orodha ya wanachama, wala kitabu cha wageni, wala bahasha yenye anwani. Familia zaidi ya sitini alizibeba kichwani, na siku za kuzaliwa za watoto wao. Sherehe ilipokaribia alizunguka na gari lake jeupe la zamani, nyumba kwa nyumba, akatangaza kwa mdomo langoni: Jumapili, saa nane, leteni sahani. Simu aliiogopa. Nikimpigia alisema "ndiyo" na "hapana" tu, kisha akakata. Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hata mahali isipohitajika: usimwambie mtu jambo ambalo anaweza kuulizwa.

Mara moja kikundi cha wachezaji kilitoka kwao kuja kuwatumbuiza. Vijana kumi na mmoja, wenye kinanda cha mkono na fidla mbili. Ukumbi ulijaa, wazee walilia wazi. Katibu alikuwa amepika siku mbili, na usiku wa pili hakulala, si kwa sababu ya jiko. Alipoleta supu alinivuta kando ya pazia.

"Yupi kati yao, Bwana Fundi?"

"Yupi nini, Mama?"

"Anayeandika. Katika kila kikundi huwa yumo mmoja wa kuandika ripoti."

Nikamwambia kwamba serikali ile ya ripoti ilikwisha kuondoka, vijana hawa wamezaliwa baadaye. Akasema, "Ndivyo ambavyo wangekwambia." Akamchagua mpiga kinanda kwa sababu alikuwa mkimya. Akampa supu kwanza, nyama nyingi kuliko wote, akakaa naye mwanzo hadi mwisho akimwongelesha habari za mvua ya mawe na bei ya viazi. Kijana wa watu alishiba mpaka akashindwa kuinama. Wakati wa kuondoka alimkumbatia, akasema hajawahi kukirimiwa hivyo na mtu yeyote duniani. Katibu alipomwachia, mgongo wa blauzi yake ulikuwa umelowa jasho.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nina barabara ninazozikwepa, na nikimwona askari kwenye robot, yaani taa za barabarani, navuka upande wa pili hata kama karatasi zangu ziko sawa siku hiyo. Nilimwelewa kwa mwili kabla sijamwelewa kwa akili.

Ndiyo maana sherehe ya Desemba ilinishangaza kuliko zote.

Mwanzoni mwa mwezi huo kwao humwadhimisha Mtakatifu Nikolasi. Anaingia mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ndefu ya askofu, akifuatana na malaika na shetani. Malaika ana pipi. Shetani ana manyoya, pembe, mnyororo wa chuma, na gunia la kuwatia watoto watundu. Mzee hufungua kitabu kikubwa na kusoma makosa ya kila mtoto kwa jina. Huko kwao hufanyika theluji ikianguka. Kensington ilifanyika saa kumi jioni, jua likiwa bado kali, na anayevaa ngozi ya shetani alikunywa maji lita mbili kabla ya kuingia.

Koti la shetani nililishona mimi, kwa ngozi za kondoo. Mke wangu aliligundua chini ya kitanda.

"Papa Neema, hii ni nini?"

"Kazi."

"Kazi ya nani iko na pembe? Minakuambia, hii kitu haitalala mu nyumba yangu. Kama iko lazima ilale, ilale kule ku duka, na weye lala nayo."

"Ni mchezo wa watoto, Mama Neema."

"Watoto gani? Bale Bazungu banaitaga shetani kwa mwaliko? Shiye tunafunga na kuomba aende, bao banamushonea koti!"

Koti likalala dukani. Mchungaji wetu alipopita akaliona, akauliza kama ni la shabiki wa kandanda. Nikasema ndiyo, na Mungu anisamehe.

Sasa kuhusu kitabu. Wiki moja kabla, wazazi walimwendea Katibu mmoja mmoja, wakamnong'oneza: wangu anamng'ata mdogo wake, wangu anaficha mboga mfukoni. Na mwanamke huyu, aliyekimbia orodha maisha yake yote, aliyaandika yote kwa mkono wake, karatasi moja kwa kila mtoto, jina juu, kosa chini. Nilimuuliza kwa nini asimwachie mwingine. Alisema mwingine asingejua kuyateketeza. Na kweli, kitabu kilipoanza kusomwa yeye hakukaa ukumbini. Alitoka nje kwenye jiko la kuchomea nyama, akawasha moto, akangoja. Karatasi zilipomalizika kusomwa alizitia motoni moja moja, akayavunjavunja majivu kwa kijiti.

Mwaka mmoja alinialika nimlete binti yangu. Neema alikuwa na miaka saba. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Wakati wa kupima nguo, Katibu aliniuliza kama mtoto ana kosa lolote, nami nikasema hilo, kwa kucheka: nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Sikufikiria zaidi.

Watoto walikaa sakafuni. Mnyororo ulisikika nje, ukaburutwa kwenye saruji, mlango ukapigwa mara tatu. Niliijua kila pini iliyokuwa kwenye koti lile, na bado nilijikuta nimerudi nyuma hatua moja. Mzee akafungua kitabu, akasoma wawili watatu, kisha akasema, "Neema." Akataja jina lake lote, pamoja na jina la ukoo wetu, jina refu ambalo watu wa hapa hulikosea, na akalipatia. Akasoma kosa. Shetani akatikisa gunia.

Neema hakulia. Aligeuka akawatazama watu wazima waliokuwa nyuma, uso kwa uso, polepole, mpaka akanifikia.

Alipata pipi zake. Kwenye teksi ya kurudi aliniuliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, "Baba, nani alimwambia?"

Nikasema sijui.

Nilipomsimulia Katibu, aliiweka chini nguo aliyokuwa ameishika. Kisha akasema, "Anayeandikwa haulizi kimeandikwa nini. Huuliza nani alisema." Hakumwita mtoto wangu tena, na mimi sikuomba.

Ni baada ya hapo aliponieleza habari zake, mara moja tu. Tulikuwa tunakunja marinda, mikono yetu imejaa wanga, na nadhani aliweza kusema kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alipokuwa msichana huko kwao aliitwa kwenye ofisi. Aliulizwa kuhusu wimbo ulioimbwa kwenye nyumba ya mtu. Walikuwa wapole, walimpa chai. Walitaka jina.

"Nikawapa," alisema. "Moja tu. Siku ya kwanza sikutoa, siku ya pili nikatoa. Walilitamka vibaya, nikawasahihisha."

Nilimuuliza mtu huyo alifanywa nini. Akasema hajui, kwa sababu hakuthubutu kuuliza, na miezi sita baadaye alitoroka nchi. Kisha akasema, "Umeruka rinda moja." Nilikuwa nimeruka kweli.

Nimeieleza habari hii kwa sababu bila hiyo, hofu yangu ya baadaye isingeeleweka.

Hofu hiyo ilianza mwaka mmoja, Novemba mwishoni. Karatasi zilikuwa zimesambazwa Jules Street zikisema wageni wafunge maduka na kuondoka kabla ya siku fulani. Hazikuwa na sahihi ya mtu. Wanaume walianza kupita duka kwa duka na daftari la shule, wakiandika: huyu wa wapi, anaitwa nani, analala wapi. Kinyozi jirani yangu alifunga siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na nguo kumi na mbili za kilabu, sherehe ya Nikolasi ikiwa imebaki siku chache. Katibu alikuja na gari lake, akapakia cherehani na nguo na mimi, akanipeleka Kensington. Nyuma ya jukwaa kuna stoo yenye mlango wa nusu kioo. Niliwekwa humo. Waliojua nilipo ni yeye na mke wangu tu.

Nilishona siku tatu, asubuhi hadi jioni. Siku ya tatu, alasiri, niliona wanaume watatu wakiingia ukumbini. Nikauondoa mguu kwenye cherehani. Mmoja alikuwa na daftari.

"Gogo," alisema, kwa heshima kabisa, kama mtu anayemwita bibi yake, "tumesikia mashine. Kuna fundi hapa? Tunataka kujua majina tu."

Hapo ndipo mvua ilipoanguka, ile ya kwetu hapa ya saa tisa mchana, yenye mawe. Paa la ukumbi ni la mabati. Sikusikia tena neno hata moja. Nilijifunika koti la shetani, nikachungulia kwa pembe ya kioo.

Nitaandika nilichokiona kwa mpangilio. Katibu alitikisa kichwa. Yule wa daftari akasema kitu. Katibu akatikisa kichwa tena, akaonyesha cherehani nyingine, ya kilabu, iliyokuwa mezani ukumbini na ambayo sikuwa naitumia. Kisha akaongea. Mwanaume akafungua daftari, akaandika. Katibu akasogea karibu yake, akainama juu ya ukurasa, akaonyesha kwa kidole, kama unavyomwonyesha mtu aliyekosea herufi. Mwanaume akafuta, akaandika upya. Ilichukua muda mrefu. Lilikuwa jina refu.

Wakaondoka mvua ikiwa bado inanyesha. Alipofungua mlango wa stoo nilikuwa nimeloa jasho ndani ya manyoya.

"Walitaka nini, Mama Katibu?"

"Jina."

"Na wewe?"

"Nikawapa," alisema. Uso wake ulikuwa mweupe kama wanga. "Shona, Bwana Fundi. Watoto wanakuja Jumamosi."

"La nani?"

Akarudia kanuni yake ile, kwamba mtu asiambiwe jambo ambalo anaweza kuulizwa. Kisha akanisogezea nguo iliyofuata.

Nguo nilizimaliza. Jumamosi sikwenda. Wiki hiyo duka langu lilivunjwa, meza ikachomwa, lakini yalivunjwa maduka saba upande wetu, mengine ya watu ambao hawakuandikwa popote, kwa hiyo jambo hilo halikuthibitisha lolote. Hilo ndilo lililonitesa. Ningekuwa na uthibitisho ningemchukia na kumaliza. Nilikuwa na mambo mawili tu: kidole kilichosahihisha herufi, na mwanamke aliyewahi kufanya hivyo hapo kabla.

Tulihamia Turffontein. Nilibadilisha namba ya simu. Nilimkataza Neema kutaja jina la ukoo wetu kwa mtu asiyemjua, na alipouliza sababu nilimkemea. Kwa miaka minne mlango ukibishwa nilizima redio kwanza, nikahesabu viatu kupitia uwazi wa chini, ndipo nikafungua. Mke wangu alisema nimekuwa kama yule bibi wangu wa Kizungu. Alikuwa sahihi. Nilianza hata kukataa kupigwa picha kanisani. Nilisimama pembeni ya mlango.

Sikumpigia Katibu. Naye hakunitafuta, na hata hilo nililihesabu kuwa ushahidi.

Mwaka huu mwanachama mmoja wa kilabu alinikuta sokoni, yule mama wa sauti ya chini. Nilimtambua kwa viatu. Alinieleza kwamba Katibu yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa mashariki, akili inakuja na kuondoka. Nilikwenda Jumanne. Ningependa kusema nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kuuliza kabla akili haijaondoka yote.

Muuguzi aliyenipokea alisikia lafudhi yangu, akaniamkia kwa Kiswahili. Ni mtu wa Morogoro, aliolewa na Msauzi aliyekuwa uhamishoni kule, akaja naye.

"Karibu kaka. Wewe ni nani kwake?"

"Fundi wake wa nguo."

"Haya. Ila nakwambia mapema, mama yetu huyu na wanaume hawapatani. Usiketi karibu, na akianza usimkatize. Akimaliza hutulia."

"Akianza nini?"

"Utasikia mwenyewe."

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, amekuwa mdogo, na albamu iko mapajani. Nilivaa koti la suti, la kanisani, na kalamu mfuko wa kifuani. Sasa najua kosa langu. Aliponiona mlangoni, mikono yake ilishika kingo za albamu, na nikaiona ile hofu ambayo nilikuwa nimeiona ikimpitia mgongoni siku ya mpiga kinanda, safari hii usoni, bila pazia.

"Mama Katibu," nikasema. "Ni mimi. Bwana Fundi."

"Hapa hakuna fundi," alisema kwa Kiingereza.

"Mama..."

"Hakuna fundi. Mashine mliyoisikia ni yangu. Nguo nashona mwenyewe."

Nilisimama pale pale. Huyu alikuwa mwanamke asiyeweza kushikiza kifungo.

"Ndiyo huanza hivyo," muuguzi alinong'ona nyuma yangu. "Daktari akija ni hivyo, mchungaji ni hivyo, hata jamaa aliyekuja kuzibua bomba. Eti nguo nashona mwenyewe."

Katibu alikuwa anaitazama kalamu yangu. "Mnataka jina," alisema. "Andika."

Akalitaja jina lake. Jina la kwanza, kisha la baba yake, lote, kisha akarudi mwanzo na kulitaja herufi kwa herufi, akingoja baada ya kila moja kama anayempa mwenzake nafasi ya kufikisha wino. Ni jina refu. Katikati yake kuna herufi yenye alama ndogo juu, kama ndege anavyochorwa na mtoto. Alipofika hapo aliinama mbele, akaonyesha kwa kidole hewani, mahali ambapo ukurasa ungekuwa. "Hapana. Hapo juu, kuna alama. Futa, uandike vizuri. Ukiandika vibaya hamtanipata mimi, mtampata mtu mwingine."

Mvua haikuwepo siku hiyo. Nilisikia kila neno.

Alingoja. Akaanza kuigonga albamu kwa kidole, haraka haraka.

"Andika tu, kaka," muuguzi alisema. "Asipoona umeandika hatatulia. Sisi tuna daftari pale mezani kwa ajili hiyo."

Sikulichukua daftari. Nilitoa kalamu mfukoni bila kufungua kifuniko, nikapiga goti mbele yake, na juu ya kiganja changu cha kushoto nikaandika jina lake, polepole, herufi zote, na ile alama juu. Kisha nikamnyooshea mkono.

Alikishika kiganja changu kwa mikono miwili, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na kitu. Alikifuatisha kwa kidole kutoka upande hadi upande, herufi moja baada ya nyingine, akasimama kidogo kwenye ile yenye alama, akaendelea hadi mwisho.

"Sahihi," alisema. "Sasa nendeni. Nina watoto wanakuja."